Fungeni Mabanio Mwezi wa Saba

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, Iringa. Na kwa viongozi wa jumuiya za watumia maji na vyama vya umwagiliaji, Wilaya ya Mbarali.

YAH: MAJI YA KIANGAZI YA IHEFU

Ndugu Mwenyekiti, nanyi ndugu zangu wa mabanio,

Barua za wazi kwa kawaida huandikiwa mawaziri, na huenda mkajiuliza kwa nini hii nimeileta Iringa na Mbarali badala ya Dodoma. Mawaziri walikwisha kusema yao. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba ifikapo mwaka 2010 Mto Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima, masika na kiangazi. Mwaka 2010 ukafika, ukapita, na mto ukaendelea kukauka. Sidhani kama ile ahadi ilikuwa ya uongo. Ilikosa mtendaji tu. Mtendaji wake ni yule anayeshika geti la banio, kile kizuizi cha kugeuzia maji ya mto mferejini, mwezi wa Agosti, na huyo hayuko ofisi ya Waziri Mkuu. Yuko kwenye kamati zenu.

Ninyi Ihefu mnaijua kuliko mimi, lakini barua hii itasomwa pia na watu ambao Mbarali wanaijua kwa mchele ulio sahanini tu, kwa hiyo mniwie radhi nieleze kidogo. Uwanda wa Usangu umelala chini ya safu za Uporoto na Kipengere. Juu milimani mvua inaweza kufika milimita 1,600 kwa mwaka; chini uwandani ni kati ya 500 na 700, na jua la huko lina uwezo wa kukausha mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Mito mingi inayoshuka ni ya msimu. Mitano ndiyo iliyozoeleka kuwa na maji mwaka mzima: Ruaha Mkuu wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera. Ikifika uwandani hupoteza kasi, hutawanyika, na kuwa kinamasi cha matete na nyasi tunachokiita Ihefu. Kwenye mlango wa kutokea, mahali paitwapo Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba. Ihefu ni kama beseni lililomeguka ukingo sehemu moja: maji yakiupita ukingo, Ruaha Mkuu unazaliwa upya na kushuka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yakishuka chini yake hata kwa upana wa vidole vinne, mto umekwisha, ijapokuwa nyuma ya mwamba bado kuna maji, viboko na kambare.

Kizingiti hicho kinapingana na jambo ambalo wengi tulifundishwa shuleni. Tunaambiwa ardhioevu hunywa maji ya masika na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi, basi ukiilinda isilimwe wala isilishwe mifugo, mto utajitunza wenyewe. Ziko ardhioevu ambazo kwazo maneno hayo ni kweli. Ihefu haina tabia hiyo. Maji ya masika yanayozidi ukingo huenda zake mapema, na yanayobaki hupigwa na jua. Kuanzia Julai, kinachouweka mto hai ni maji yale machache yanayoendelea kuingia kutoka milimani. Anayeyashika hayo ndiye anayeushika mto.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao walilipima jambo hili miaka ya 2000. Walikuta kwamba kati ya 1958 na 2004 maji yanayoingia Ihefu katika miezi ya Julai hadi Novemba yalipungua kwa karibu asilimia 70, sababu kubwa ikiwa ni umwagiliaji, na kwamba eneo linalobaki na unyevu wakati wa kiangazi lilipungua kwa karibu asilimia 40. Wakakadiria pia kwamba ili mita za ujazo 0.6 tu kwa sekunde zivuke mwamba na kuitosha hifadhi, inabidi wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde ziingie upande wa juu. Hizo 7 zilikuwa karibu mara mbili ya zilizokuwa zinaingia wakati huo.

Zitazameni tena namba hizo mbili. Saba zinaingia, nusu na ushei inatoka. Nyingine zote ni za jua, matete na nyasi, na hao hawangoji zamu: wanachukua chao kwanza. Kwa hiyo mtu wa juu akiondoa mita moja ya ujazo katika zile saba, hajaupunguza mto kwa sehemu moja ya saba. Ameumaliza wote. Hii ndiyo sababu Ruaha Mkuu haukufifia taratibu kwa namna ambayo ingetupa muda wa kushtuka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikatika kabisa kiangazi baada ya kiangazi; mwaka 1994 ulikatika kwa takriban mwezi mmoja, na kufikia 1999 ukakatika kwa karibu miezi mitatu.

Hapa najua mhandisi wa umwagiliaji aliye makini atanirukia. Atasema: kama Ihefu inameza sita na nusu ili itoe nusu, si ni heri hizo sita na nusu zikapande mpunga? Ni hoja nzito, na wanaoipuuza hawajaifikiria. Jibu langu la kwanza ni kwamba maji yanayomezwa na Ihefu hayapotei hewani bila kuacha kitu. Yanaacha samaki, yanaacha malisho mabichi mwezi wa Oktoba wakati uwanda wote umekuwa vumbi, yanaacha makimbilio ya mamia ya aina za ndege. Na ile nusu inayovuka ndiyo tegemeo la wanyama wa kando ya mto kwenye hifadhi yenye karibu kilomita za mraba 20,000. Mto ukikatika, viboko hulundikana kwenye madimbwi yanayooza, na samaki hufia humo humo. Jibu la pili ni la kihesabu zaidi, nalo nitalifikia: katika miezi ninayoizungumzia, maji yanayoingia mifereji mingi hayapandi mpunga.

Kabla ya hapo, tuseme tulichokifanya badala ya kufunga mabanio.

Mwaka 2006, nchi ikiwa kwenye mgao mkali wa umeme na bwawa la Mtera likiwa limepungukiwa sana na maji, Serikali iliamua kuwaondoa wafugaji Ihefu. Mifugo kwa maelfu ikaswagwa kuelekea Lindi na Pwani, mingine ikafia njiani, familia zikasambaratika. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, lililokuwa Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikawa hifadhi kubwa kuliko zote nchini wakati huo. Vijiji vilivyojikuta ndani ya mstari vikaishi miaka kumi na mitano bila kujua kesho yao, hadi mipaka iliporekebishwa tena mwaka 2023. Mradi mkubwa wa maliasili na utalii uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ule wa REGROW, ukaingia humo humo katikati ya malalamiko ya wanavijiji, na mwaka 2024 ufadhili wake ukakatishwa.

Na mto? Mwaka 2022, miaka kumi na sita baada ya ng'ombe kuondolewa, ulikauka kwa miezi.

Sisemi ng'ombe hawaharibu. Kwato nyingi mahali pamoja huigeuza ardhi kuwa tope, moto wa kuchoma nyasi huua, na kulima katikati ya kinamasi ni kukiua kwa jembe. Lakini tupige hesabu ya maji. Ng'ombe mmoja wakati wa joto anaweza kunywa lita 40 kwa siku. Chukulia wako laki tatu, wote wanakunywa Ihefu: ni lita milioni 12 kwa siku. Zigawe kwa sekunde za siku nzima, utapata kama lita 140 kwa sekunde. Ni maji ya mfereji mmoja wa wastani. Tulihamisha watu na mali zao mamia ya kilomita kwa sababu ya maji ambayo geti moja lingeweza kuyarudisha kwa mchana mmoja. Ilikuwa rahisi zaidi kumwona ng'ombe kuliko kuuona mfereji, na mwenye ng'ombe hakuwa na mtu wa kumsemea.

Sasa mabanio. Wazee wa Usangu wanakumbuka banio la kienyeji: miti, mawe, majani na udongo, limepangwa kuvuka mto. Lilivuja. Mafuriko yalilizoa, na kila msimu wakulima walikutana kulijenga upya. Lilikuwa na usumbufu mwingi, lakini lilikuwa na fadhila moja ambayo hakuna aliyeihesabu, nayo ni kule kuvuja. Yaliyopita katikati ya mawe ndiyo yaliyokuwa maji ya jirani wa chini, na baada ya majirani wote, ya Ihefu. Kuanzia miaka ya 1990, kwa mikopo na nia njema, mabanio mengi yalijengwa upya kwa zege na mageti ya chuma. Yakaitwa yaliyoboreshwa. Bruce Lankford, mtafiti wa Uingereza aliyefanya kazi Usangu kwa miaka, aliandika zaidi ya mara moja kwamba uboreshaji huo uliwapa watu wa juu uwezo ambao hawakuwa nao: banio la zege linaweza kuugeuza mto mzima wa kiangazi ukaingia mfereji mmoja. Mpunga uliokuwa kwenye hekta elfu chache mwishoni mwa miaka ya 1950 umefika makumi ya maelfu ya hekta. Sina ugomvi na mpunga huo, naula. Ugomvi wangu ni na geti linalobaki wazi baada ya mpunga kuvunwa.

Kwa maana mavuno yakiisha, kuanzia katikati ya mwaka, tembeeni kando ya mifereji mtazame maji yanakwenda wapi. Mengine yanakwenda kwenye nyanya na vitunguu. Hayo nayaheshimu, ni ada za shule za watoto wa watu. Mengine yanatumika kufyatulia matofali. Mengine yanamwagika kwenye majaruba matupu na kutuama humo yakilisha magugu, kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kufunga. Na sehemu yake muhimu kuliko zote ni ndoo. Vijiji vingi vya Mbarali vinakunywa, kuogea na kufulia maji ya mfereji. Mfereji mrefu wa udongo unahitaji kujazwa maji mengi mno ili mama wa mwisho kijijini apate ndoo zake tano. Tunapitisha mto ili tujaze mapipa. Ukifunga geti bila kumpa mama huyo kisima, atakwenda kulivunja, na akilivunja mimi nitakuwa upande wake.

Yupo pia mkulima wa kuwahi, anayetaka maji ya kitalu Oktoba kabla ya mvua ili mpunga wake uingie sokoni wakati bei iko juu. Huyu ndiye mwenye hasara ya kweli katika ninachokiomba, na si haki kumfichia. Ila kinachomsukuma ni bei. Akiwa na ghala na stakabadhi ya kukopea, anaweza kuvuna na wenzake na kuuza akipenda. Hapo chama cha ushirika kinaweza kuuokoa mto kuliko askari wa wanyamapori, ingawa najua kusema hivyo mbele ya watu waliowahi kukopwa na ushirika ni kujitakia kicheko.

Ninyi wa Bodi, mlirithi vibali vya maji vilivyoandikwa kana kwamba mto ni bomba. Kibali kinasema lita kadhaa kwa sekunde, basi. Mto Mbarali wa Machi na Mto Mbarali wa Oktoba si mto mmoja, lakini karatasi haijui. Ukijumlisha lita zilizoandikwa kwenye vibali unaweza kuzidi maji yote yaliyomo mtoni wakati wa kiangazi, na kila mwenye kibali akajiona ana haki akichota hadi tone la mwisho. Watafiti walikwisha kupendekeza njia: masika kila banio liwe na kikomo chake cha lita, kiangazi mto ugawanywe kwa sehemu, hii ya mfereji, hii ya mto, mto ukipungua wote wapungue pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo haina utata: matumizi ya nyumbani kwanza, akiba ya mazingira ya pili, kilimo na viwanda baadaye. Kwenye mifereji yetu mpangilio huo umesimama kichwa chini miguu juu.

Nataka pia kuondoa hoja moja ambayo watetezi wa Ihefu wameitumia vibaya, nikiogopa itatuumbua. Ni ile ya umeme. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba Usangu ikikauka taa zinazimika, kwa sababu Ruaha Mkuu unaingia Mtera, kwenye mitambo ya megawati 80, na kutoka hapo Kidatu, megawati 204. Maji yanayojaza Mtera ni ya masika, na hayaji na Ruaha Mkuu peke yake; Ruaha Mdogo na Kisigo nayo humwaga humo. Nusu mita ya ujazo ya Oktoba haiwezi kuendesha mitambo inayohitaji makumi ya mita za ujazo kila sekunde. Anayemwambia mkulima wa Mbarali afunge geti lake ili Dar es Salaam ipate umeme anamdanganya, na mkulima akigundua hatamsikiliza tena hata akimwambia la kweli. Maji ya kiangazi ni ya Ihefu, ya hifadhi, na ya wanaoishi kando ya mto. Wanatosha kuwa sababu.

Kuna kitu kilichofanyika Usangu miaka ya 2000 ambacho ningependa mkirudie. Lankford na wenzake walitengeneza ubao mrefu ulioinama, ukachongwa mfereji katikati kama mto, na matoleo pembeni kama mabanio. Wakulima wa juu na wa chini waliitwa, gololi zikamwagwa juu, kila mtu akaweka vijiti vyake kuzikinga. Wa juu walijaza vikombe vyao, wa chini wakabaki kuangalia ubao mtupu. Mchezo ukirudiwa, watu huanza kubadilishana nafasi, na hapo mazungumzo hubadilika, maana mwenyekiti wa mfereji wa juu ameonja kukaa chini. Gharama yake ni mbao na pakiti ya gololi. Nimeona mikutano ya wadau yenye posho na makabrasha isiyofikisha watu nusu ya hapo.

Basi ninachoomba ni hiki. Kabla ya Julai, Bodi pamoja na halmashauri na wakala wa maji vijijini wapitie mifereji mmoja baada ya mwingine na kuuliza swali moja: nani anakunywa hapa? Kila kijiji kinachokunywa mfereji kipewe kisima au bomba, na fedha za visima hivyo zihesabiwe kuwa fedha za kuhifadhi Ihefu, kwa sababu ndivyo zilivyo. Mfereji ambao watu wake wamekwisha kupata maji ya kunywa ufungwe kuanzia Julai hadi mvua zianze milimani, isipokuwa ile sehemu ndogo iliyokubaliwa kwa ajili ya mboga. Mashamba makubwa yatangulie kufunga, hadharani, mkulima mdogo akiona. Mkianza na mwenye ekari mbili mkamwacha mwenye maelfu, msishangae geti likikutwa limeng'olewa alfajiri.

Bwawa la Lugoda kwenye Ndembera, linalozungumzwa kwa miaka, likijengwa vizuri litasaidia, na silipingi. Lakini bwawa linasubiri wahandisi, wafadhili na bajeti. Geti lipo tayari, lina mpini.

La mwisho ni dogo na halihitaji mfadhili. Bodi inapima maji kwenye mito hii: Mbarali unapimwa Igawa, Ruaha Mkuu unapimwa Salimwani, Ndembera unapimwa Ilongo, na chini kabisa, ndani ya hifadhi, Ruaha Mkuu unapimwa tena Msembe. Kuanzia Julai mwaka huu, kila Jumatatu, bandikeni namba hizo nne kwenye mbao za matangazo za kata zote za Mbarali, zisomwe kwenye redio ya jamii, zitumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya vyama vya umwagiliaji. Pembeni yake andikeni mabanio yapi yamefungwa na yapi yako wazi, kwa majina yake. Siku namba ya Msembe itakaposoma sifuri, tutazitazama zile tatu zilizo juu yake na orodha ya mageti ya wiki hiyo, na tutajua pa kwenda kuuliza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mlaji wa mchele wa Mbarali